Jifunze Kuipokea Simu Kabla ya Kuifungua: Kwa Wanaotaka Kusomea Upelelezi wa Makosa ya Mtandao

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana wanaokuja kusomea uchunguzi wa kidijitali huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, tutaanza lini kufungua simu?" Naielewa hamu yao. Wengi wamemwona mama au shangazi akipokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wakamwona akituma, kisha wakamwona akilia. Wanataka kumpata aliyefanya vile. Jibu langu huwavunja moyo kidogo: kufungua simu kutakuja baadaye. Kwanza utajifunza kuipokea.

Simu ya mtuhumiwa ikiletwa mezani, jambo la kwanza ni kuangalia kama imewaka au imezimwa. Iliyozimwa iache imezimwa. Iliyowaka usiizime, kwa sababu simu nyingi za siku hizi zikishafunguliwa mara moja tangu kuwashwa hubaki na funguo za usimbaji, yaani zile zinazofanya data iliyofungwa isomeke, kwenye kumbukumbu yake ya muda. Ukiizima, funguo zinapotea, na bila nywila unaweza kubaki na kipande cha kioo tu. Lakini ukiiacha imewaka na ina mtandao, mwenyewe au mwenzake anaweza kuifuta akiwa mbali. Kwa hiyo unaitenga na mtandao: unaiweka katika hali ya ndege ukiweza, au unaitia kwenye mfuko maalumu unaozuia mawimbi. Na ndani ya mfuko huo simu hutafuta minara kwa nguvu zote mpaka chaji inakwisha, kwa hiyo unaifunga pamoja na pawabenki.

Halafu unaandika. Namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe, tarakimu 15. Laini zilizomo. Ufa ulioko kwenye kioo. Saa inayosomeka kwenye simu, na saa halisi wakati ule. Nani amekukabidhi, umempa nani, saa ngapi, muhuri wa mfuko ni namba gani. Huo ndio mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, na kila mkono uliokigusa lazima uwe na jina lake pale.

Niliwahi kuletewa kompyuta mpakato ya mfanyakazi aliyetuhumiwa kuiba taarifa za mwajiri wake. Kabla haijanifikia, mtu wa kompyuta wa ofisi ile alikuwa ameiwasha na "kuangalia kidogo" kwa siku mbili. Alikuwa na nia njema. Lakini tarehe za kufunguliwa kwa mafaili zilikuwa zimebadilika, programu zilikuwa zimejisasisha, na sehemu kubwa ya ripoti yangu ikawa kueleza aliyoyafanya yeye badala ya aliyoyafanya mtuhumiwa. Nilikasirika, na nikiikumbuka kesi ile bado naumia, kwa sababu ukweli ulikuwamo mle ndani na sisi wenyewe ndio tuliouchafua.

Ndiyo maana hatufanyi kazi juu ya kielelezo chenyewe. Diski inaunganishwa kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, inachukuliwa nakala kamili ya biti kwa biti, kisha asili na nakala zote mbili zinapigiwa hesabu ya hashi. Hashi ni kama alama ya kidole ya data. Jaribu leo kwenye kompyuta yenye Linux: andika printf abc | sha256sum. Utapata herufi na tarakimu 64 zinazoanza na ba7816bf, na mtu yeyote akifanya hivyo, awe Mbeya au Tokyo, atapata hizo hizo. Sasa badilisha printf uweke echo. Matokeo yanakuwa mengine kabisa, ingawa machoni mwako neno ni lile lile, kwa kuwa echo imeongeza alama moja isiyoonekana, ile ya kuanza mstari mpya. Wanafunzi wangu wengi hukwama hapo wakidhani kompyuta imekosea. Mimi hufurahi wakikwama, maana tangu siku hiyo hakuna anayesahau kwamba alama moja tu inatosha kuifanya nakala isiwe nakala.

Haya yote yana makazi yake kwenye sheria. Kwa Tanzania, mwaka 2015 zilipitishwa sheria mbili ambazo mpelelezi wa mtandao lazima azisome mwenyewe, asisimuliwe: Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Hii ya pili, katika kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa, na kama uadilifu wake umelindwa. Kenya wana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachohusu cheti cha kuithibitisha rekodi ya kielektroniki. Soma vifungu hivyo taratibu utaona wakili wa utetezi hahitaji kujua kompyuta ili akubane. Anahitaji kuuliza tu: kati ya siku ya kukamatwa na siku uliyoipokea, simu hii ilikuwa wapi?

Kuna somo jingine ambalo vitabu vya nje havitufundishi vizuri, nalo ni saa. Chukua namba 1700000000. Mifumo mingi huhifadhi muda hivyo, kwa kuhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa. Namba hiyo ni tarehe 14 Novemba 2023, saa 22:13:20. Lakini Dar es Salaam na Nairobi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu ilikuwa 01:13:20, na tarehe imeshakuwa 15. Shahidi atakwambia: "Ilikuwa saa saba usiku, Jumanne kuamkia Jumatano." Yuko sahihi kabisa. Sasa aliyeandika maelezo yake akaandika 7:00 usiku, mtafsiri akaigeuza kuwa saa 19:00, na ripoti ya programu ikasema 22:13. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini jalada linaonekana lina uongo mtupu. Kwenye kila ripoti andika muda kwa saa za kimataifa, kwa saa za hapa, na kwa maneno ya shahidi, vyote vitatu. Baadhi ya data za iPhone huanza kuhesabu mwaka 2001, kwa hiyo ukichanganya mianzo umepotea kwa miaka 31.

Kuhusu wapi pa kusoma, njia ziko kadhaa. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali, lakini nimefanya kazi na wachunguzi wazuri waliotoka kwenye sheria na wengine kwenye uhasibu. Popote utakaposoma, hakikisha unaijua mifumo ya mafaili, mitandao, na hifadhidata za SQLite, kwa kuwa humo ndimo WhatsApp na programu nyingi za simu huweka mazungumzo. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kiasi cha kujisaidia. Vyeti vya kimataifa ni ghali; usikope kwa ajili yake kabla hujawa na msingi. Na jifunze kuandika Kiswahili na Kiingereza kilichonyooka, kwa kuwa hakimu hatakiona kioo chako, ataiona ripoti yako.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Simu ya mtuhumiwa ina picha za watoto wake, vipimo vya hospitali vya mkewe, na siri za marafiki ambao hawana kosa lolote. Tafuta kile ulichoruhusiwa kutafuta. Mwanafunzi aliyechekelea picha ya mtu asiyehusika na kuwaonyesha wenzake nilimtoa maabara siku hiyo hiyo.

Usijizoeze kwa simu ya mpenzi wako wala ya jirani, maana kuingia bila idhini ni kosa la jinai hata ukijiita mwanafunzi. Tumia simu yako ya zamani. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeweka nakala za diski za mazoezi ambazo unaweza kuzipakua bure, na programu ya Autopsy ya kuzichambulia nayo ni ya bure. Anza na zoezi lao la kompyuta ya Dell inayodhaniwa kutumika kudukua. Lina maswali mengi ya kusisimua, na nawajua vijana: utataka kuruka moja kwa moja kwenye barua pepe za mtuhumiwa. Swali la kwanza linauliza hashi ya nakala ni ipi, na kama hashi ya wakati wa kuichukua inalingana na ya wakati wa kuihakiki. Lijibu hilo kwa maandishi, weka tarehe na saa, ndipo uende la pili.