Je, kwa nini waliojiita watetezi wa Uislamu walivunja makaburi ya mawalii wa Timbuktu?

Tarehe 30 Juni 2012, katika mji wa Timbuktu kaskazini mwa Mali, watu wenye silaha waliingia makaburini na sululu na mitarimbo, wakaanza kubomoa kuta za udongo zilizojengwa juu ya makaburi ya masheikh wa mji huo. Wabomoaji walikuwa Waislamu, na waliolala chini ya kuta hizo walikuwa wanazuoni wa Kiislamu. Ilikuwaje basi?

Hoja waliyoitoa ilikuwa ya kidini. Kundi la Ansar Dine, lililoutawala mji pamoja na al-Qaida ya Maghreb tangu Aprili mwaka huo, lilishika hadithi ya Mtume inayoamrisha makaburi yaliyoinuliwa yasawazishwe, likahukumu kwamba kujenga kuba juu ya kaburi na kumwomba Mungu kwa baraka ya aliyezikwa humo ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Mjadala huu si mgeni kwetu: ziara ya kaburi la mwanazuoni Habib Swaleh huko Lamu, wakati wa Maulidi, ina wanaoipenda na wanaoipinga. Lakini kupinga ziara kwa maneno ni jambo moja, na kumshukia maiti kwa sululu ni jambo jingine kabisa. Wanazuoni wamebishana juu ya suala hili kwa karne nyingi, na makuba ya Timbuktu yakaendelea kusimama.

Ndiyo maana naamini kwamba hadithi peke yake haielezi yaliyotokea. Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa mtu aliyeisimamia kazi yenyewe, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mkuu wa Hisba, kikosi cha kusimamia maadili. Kesi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilionyesha kwamba alipoulizwa rai yake mwanzoni, alisema kuwa kujenga juu ya kaburi kumekatazwa, lakini akashauri makuba yaachwe ili uhusiano na wenyeji usiharibike. Amri ilipotoka kwa wakubwa wake, aliandika hotuba ya Ijumaa ya kuitetea, kisha akaenda mwenyewe kusimamia ubomoaji. Hukumu ya kidini ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni uamuzi wa wenye nguvu.

Nguvu hizo zilihitaji kuonekana. Timbuktu huitwa mji wa mawalii 333, na makuba yalikuwa mahali ambapo watu walikwenda kuomba mvua na afya, wakawapeleka na watoto wao. Anayeuvunja ukuta wa namna hiyo huwaambia wenyeji kwamba walinzi wao hawana uwezo tena. Ujumbe huo unasomeka wazi zaidi katika msikiti wa Sidi Yahya. Mlango wake mmoja ulikuwa haufunguliwi, kwa kuwa wenyeji waliamini kwamba utafunguliwa siku ya Kiyama. Julai 2012 waliung'oa. Mlango si kaburi, na hadithi ya makaburi haiugusi.

Vitabu vya kale vya mji huo vilikuwa na bahati zaidi, kwani vingi vilitiwa kwenye masanduku ya bati vikatoroshwa hadi Bamako kwa magari na mitumbwi. Kaburi halihamishiki.

Al-Mahdi alikiri kosa, akaomba radhi, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 9 kwa uhalifu wa kivita uliohusu majengo 10. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuendesha kesi iliyohusu uharibifu wa turathi pekee. Kabla ya hukumu, waashi wa Timbuktu walikuwa wamekwisha kuyajenga upya makuba 14, wakifuata misingi iliyobaki, picha za zamani na kumbukumbu za wazee, na kazi hiyo ikakamilika Julai 2015. Mlango wa Sidi Yahya ulirudishwa mahali pake Septemba 2016.