Mtoto na gitaa: maswali ya wazazi wa Mwanza

Binti yangu ana miaka minne, tunakaa Igoma. Nimnunulie gitaa?

Bado, mama. Vidole vya umri huo havina nguvu ya kubana uzi. Mwimbie, pigeni makofi pamoja, mpe ndoo tupu aigeuze ngoma (majirani watavumilia). Siku ya ngoma pale makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, mpeleke atazame bugobogobo, ile ngoma yao ya majembe, yanavyopanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mtoto hujifunza muziki kwa mwili kabla ya vidole. Gitaa lianze miaka sita au saba, na liwe dogo, lenye nyuzi za nailoni.

Ni kweli muziki unaongeza akili? Mwalimu wa mwanangu anasema hivyo.

Hapo chumvi imezidi. Maneno hayo yalivuma baada ya utafiti wa Marekani wa mwaka 1993. Wanafunzi wa chuo kikuu walisikiliza Mozart dakika 10, wakafanya vizuri kiasi kwenye jaribio la kuwazia maumbo, na baada ya robo saa hivi faida ikayeyuka. Hawakuwa watoto, na hakuna aliyeshika ala.

Utafiti uliokaribia swali lako ulifanyika Toronto, Kanada, ukachapishwa 2004, kwa watoto 144 wa miaka sita. Waliosoma muziki walipanda kwa wastani wa pointi 7 kwenye vipimo vya akili. Wenzao ambao hawakusoma muziki, pointi 4.3. Tofauti ipo, lakini ndogo, na uchambuzi wa tafiti nyingi baadaye umeifanya ionekane ndogo zaidi. Kwa hiyo usimlipie masomo ya gitaa ukitegemea hesabu zipande. Mimi ningemlipia kwa ajili ya sikio linalozoea kutofautisha sauti zinazokaribiana, mikono miwili inayofanya kazi tofauti kwa wakati mmoja, na ile subira ya kurudia kipande kilekile mara ishirini.

Mwanangu ameanza gitaa wiki iliyopita, vidole vinamuuma hadi analia. Nimwachishe?

Mtazame ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Mistari myekundu iliyobonyea ni ya kawaida. Baada ya wiki chache ngozi inaota sugu na maumivu yanaisha. Malengelenge au ganzi, hapana, apumzike. Dakika 10 kila siku zinamtosha kuliko saa nzima ya Jumamosi. Angalia na gitaa lenyewe: nyuzi zikikaa juu sana ya shingo, hata mtu mzima atalia. Fundi anaweza kuzishusha.

Na masikio?

Gitaa lisilo la umeme halina shida. Hofu yangu ni spika za harusi, mtoto amelala hatua mbili kutoka kwenye bofa. Chembe za kusikia ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Akifanya mazoezi kwa simu na hedifoni, sauti isizidi asilimia 60. Akisema masikio yanavuma, zima, na mlio ukiendelea hadi kesho yake mpeleke hospitali.