Je, Wajua Kwa Nini Shirika la Kutetea Kilimo Endelevu Huwekwa Mikononi mwa Watu Wasiolipwa Mshahara?

Shirika linalotetea kilimo endelevu laweza kuwa na ofisi Morogoro, Arusha au Nakuru, magari yenye nembo ubavuni, watumishi wenye shahada za kilimo na sheria, na mikataba ya ufadhili ya mamilioni mengi ya shilingi. Hata hivyo, ukiuliza mali hiyo yote ni ya nani, hutatajiwa jina la mtu. Mkurugenzi mtendaji ni mwajiriwa, wafadhili wametoa fedha ambazo hawawezi kuzidai kama gawio, na wakulima wanaotetewa hawana hisa. Wenye uamuzi wa mwisho ni wajumbe wa bodi, ambao kwa kawaida hawapokei mshahara kutoka katika shirika hilo: mwalimu mstaafu, mkulima wa mahindi na mbaazi, mhasibu, mtafiti wa udongo, mwanasheria. Katika shughuli nyingine nyingi mwenye mamlaka makubwa ndiye mwenye malipo makubwa, kwa hiyo inafaa kueleza kwa nini hapa mambo yamepangwa kinyume.

Sababu ya msingi imo katika kanuni ya kutogawana faida. Shirika la namna hii likibaki na ziada mwisho wa mwaka, ziada hiyo lazima irudi kwenye kazi iliyoandikwa katika katiba yake. Katika kampuni, mwenye hisa huichunga menejimenti kwa sababu fedha ni zake. Akiona hasara huhoji, hupiga kura au huuza hisa zake na kuondoka. Pasipo wenye hisa hakuna jicho la namna hiyo, na sheria pamoja na katiba hulazimika kuliweka. Bodi ndiyo jicho hilo. Sasa, kama anayewekwa kuchunga angelipwa mshahara na shirika lenyewe, riziki yake ingetegemea mradi uliopo na mkurugenzi anayeidhinisha malipo. Mtu wa namna hiyo angesita kuuliza kwa nini gari limenunuliwa kabla ya bajeti kupitishwa, au kwa nini taarifa inasema wakulima walifundishwa mboji ilhali kijijini hakuna anayekumbuka mafunzo hayo. Kutolipwa mshahara kunampa mjumbe uhuru wa kuuliza, na pia uhuru wa kujiuzulu bila kuogopa ada za shule za watoto wake.

Hapa ndipo lilipo suala la posho, ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini. Kurudishiwa nauli, malazi na chakula ni haki, na kwa shirika la wakulima ni lazima, kwa sababu mkulima anayetoka Kilosa au Lushoto kwenda kikaoni anapoteza siku za kazi shambani na anatoa nauli mfukoni. Bodi isiyogharamia safari hujikuta imejaa watu wa mjini wenye mishahara ya mwezi, ambao wana nia njema lakini hawajapalilia msimu huu. Hata hivyo, posho ya kikao ikikua hadi kuwa pato la kutegemewa, vikao huongezeka bila ajenda ya maana, na mjumbe huanza kuogopa kuondolewa. Kwa maoni yangu, kiwango cha posho kinapaswa kuandikwa katika sera, kupitishwa na mkutano mkuu pale ambapo shirika lina wanachama, na kuonekana waziwazi katika hesabu zilizokaguliwa.

Kazi za bodi zinafanana kwa kiasi kikubwa katika mashirika yote. Bodi humwajiri mkurugenzi mtendaji na kumpima, hupitisha mpango mkakati na bajeti, humpokea mkaguzi wa hesabu wa nje, na huhakikisha kwamba sheria za usajili zinafuatwa. Mkurugenzi mara nyingi huingia vikaoni kama katibu asiye na kura. Bodi yenyewe haiingii katika kazi za kila siku. Mjumbe anayempigia simu bwana shamba wa mradi na kumwelekeza wapi apeleke miche ameacha kazi yake na kushika ya mwingine.

Katika utetezi wa kilimo endelevu, kazi hizo zina uzito wa pekee kwa sababu ya muda. Udongo uliochoka haurudishi rutuba kwa msimu mmoja. Kupanda mikunde pamoja na nafaka, kutandaza masalia ya mazao, kupanda miti ya kivuli na kuchimba makinga maji huanza kuonekana vizuri baada ya miaka kadhaa, ilhali fedha za mradi kwa kawaida hutolewa kwa miaka miwili au mitatu. Mfadhili hubadilisha vipaumbele, mtumishi mzuri huhamia kwingine, na waziri hubadilishwa. Kinachobaki ni bodi, yenye kumbukumbu za vikao na lengo lililoandikwa katika katiba. Ikiwa bodi hiyo ni legevu, shirika huanza kufuata kila tangazo la fedha linalopita: mwaka huu mbegu za asili, mwaka ujao lishe, mwaka unaofuata jambo lisilohusiana na shamba kabisa. Mjumbe anayeuliza kama mradi mpya unalingana na mpango mkakati analinda miaka ya kazi ya wakulima waliokubali kubadilisha mashamba yao kwa kuamini kwamba shirika litakuwa nao.

Mabadiliko ya sera huchukua muda mrefu zaidi. Nchini Kenya, sheria ya mbegu na aina za mimea ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka miwili, au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 1 ya Kenya. Wakulima wadogo 15 walifungua shauri mwaka 2022, na ni Novemba 2025 ndipo Mahakama Kuu iliyoketi Machakos ilipotamka kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kushirikiana mbegu zao vilikiuka katiba. Ni miaka mitatu ya mawakili, ya ushahidi na ya kuahirishwa. Shirika lolote linalofikiria kuwaunga mkono wakulima katika njia kama hiyo linahitaji watu wenye mamlaka ya kusema mapema kwamba litaendelea hata mfadhili akichoka, kwamba msimamo huu ni wa shirika zima, na kwamba hatari yake imepimwa. Uamuzi wa namna hiyo haufai kuachiwa mkurugenzi peke yake. Akifanya peke yake na mambo yakaharibika, atabebeshwa lawama yeye. Na akiogopa kubebeshwa lawama, atanyamaza.

Tanzania nayo ina historia yake. Sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ilitungwa mwaka 2012, na Novemba 2015 nchi ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki hizo. Pembeni yake kuna utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, unaomwezesha mkulima aliyefundishwa kuzalisha mbegu chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, na kuziuza katika eneo lake. Novemba 2023 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai, yaani kilimo kinachofuata mifumo ya asili badala ya kutegemea kemikali za viwandani. Kwa mjumbe wa bodi, mlolongo huu unaibua maswali magumu ya kuamua: je, shirika litumie nguvu zake kupinga sheria, kupanua nafasi ndogo iliyomo ndani ya sheria, au kukaa meza moja na serikali kutekeleza mkakati? Majibu yote matatu yanaweza kutetewa, na ndiyo maana yanahitaji mjadala wa watu wanaotazama kutoka pande mbalimbali.

Watu hao ni akina nani? Hapa mashirika hutofautiana sana. Yapo yenye wanachama, ambayo bodi yake huchaguliwa na mkutano mkuu, na yapo yasiyo na wanachama, ambayo bodi hujijaza yenyewe kwa kuteua wajumbe wapya. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake makuu Morogoro, ni wa aina ya kwanza, na kauli mbiu yake husema kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kauli hiyo ina uzito kwa sababu mtu anayesema kwa niaba ya wakulima bila kuwajibika kwao anaweza kusema lolote linalompendeza mfadhili. Shirika la aina ya pili laweza kufanya kazi nzuri sana ya utafiti na mafunzo, lakini likisimama mbele ya kamati ya Bunge na kusema "wakulima wanataka", lina deni la kuonyesha ni wakulima gani waliosema hivyo, na wapi.

Kumweka mkulima kwenye bodi pekee hakutoshi. Nyaraka za kikao zikiwa kurasa nyingi za Kiingereza, zilizotumwa usiku wa kuamkia kikao, mjumbe asiyezoea lugha hiyo atakubali kila kitu kwa kutikisa kichwa, na kumbukumbu zitaandika kwamba wajumbe wote waliafiki. Kikao kikipangwa wakati mvua za kwanza za masika zimeanza, anayelima kwa riziki atabaki shambani, na akidi itatimizwa na wasiolima. Mama mkulima mwenye mtoto mchanga akiitwa kwenye kikao cha siku tatu katika hoteli ya mbali bila mpango wowote wa mtoto, kiti chake kitabaki tupu, kisha ataambiwa kwamba wanawake hawajitokezi. Mambo haya huonekana madogo, nami nayaona kuwa kipimo cha kwanza cha kama shirika linamaanisha linachosema. Taarifa ya fedha inaweza kuandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa ukurasa mmoja wenye fedha zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki na zilizoahidiwa. Mkulima aliyewahi kushika daftari la VICOBA au la ushirika ataisoma, na mara nyingi atauliza swali ambalo mhasibu hakulitarajia.

Hatari nyingine ni mgongano wa maslahi, ambao katika kilimo huja kwa sura nyingi. Mjumbe mmoja ana duka la pembejeo. Mwingine ni mshauri wa kampuni ya mbegu, wa tatu ni ofisa wa halmashauri ambayo shirika linataka kuihoji, wa nne ana shamba jirani na eneo la mradi wa umwagiliaji. Hakuna kosa katika kuwa na mambo hayo, maana watu wenye ujuzi wa kilimo lazima watakuwa na shughuli za kilimo. Kosa ni kuyaficha. Utaratibu unaokubalika ni kila mjumbe kutamka maslahi yake mwanzoni mwa kikao, kutoka nje ya chumba ajenda inayomhusu inapojadiliwa, na jambo hilo kuandikwa katika kumbukumbu. Katika jamii zetu kumwambia mzee atoke nje ni kazi ngumu, kwa hiyo ni vizuri kanuni iwe imeandikwa na imesomwa siku ya kwanza, ili mwenyekiti anapoitaja asionekane kumvunjia mtu heshima.

Kisha kuna mwanzilishi. Mashirika mengi ya kilimo yalianzishwa na mtu mmoja mwenye moyo mkubwa, aliyetumia fedha zake na ujana wake, na bodi ya kwanza ikawa ndugu, rafiki na mwalimu wake wa zamani. Miaka ya mwanzo jambo hilo husaidia. Baadaye, shirika likishapokea fedha za umma na za wafadhili, bodi isiyoweza kumwambia mwanzilishi hapana huwa saini tu. Ukomo wa vipindi, kwa mfano miaka mitatu inayoweza kurudiwa mara moja, humwezesha mtu kuondoka kwa heshima bila ugomvi na huingiza vijana wanaolima kabla wazee hawajachoka.

Sheria nazo zinamfikia mjumbe. Nchini Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 iliweka Msajili na wajibu wa kutoa taarifa za kila mwaka, na kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zililitaka shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba wa fedha hizo Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kuusaini. Kenya ilitunga Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma mwaka 2013, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Mjumbe anayesema kwamba hakujua taarifa hazijapelekwa anakiri kwamba hakuifanya kazi aliyoikubali, hata kama aliifanya bila mshahara.

Kwa hiyo, anayealikwa kuingia katika bodi ya namna hii asikubali kwa sababu tu anapenda kilimo. Aombe katiba, mpango mkakati, kumbukumbu za vikao vichache vya mwisho na ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Aulize fedha nyingi zinatoka kwa mfadhili yupi na zinakwisha lini, nani kati ya wajumbe analima, na ni lini mara ya mwisho bodi ilikataa pendekezo la mkurugenzi. Akiambiwa kwamba ripoti ya mkaguzi itafuata baadaye, ana haki ya kuisubiri ifike, aisome, ndipo atoe jibu lake.