Tasa si witiri

Kwenye daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, wanafunzi wawili wa sekondari walikuwa wanabishana juu ya 2,147,483,647. Mmoja akasema ni namba tasa. Mwenzake akamuuliza amejuaje. "Si inaishia na saba!" Jibu ni sahihi, sababu siyo. Na sababu hiyo nimeisikia mno, hata kwa watu wazima wanaowasaidia watoto kazi za nyumbani.

Namba tasa ni namba nzima inayozidi 1, ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Hiyo tu.

Kuishia na saba kunaonyesha tu kwamba namba ni witiri, yaani haigawanyiki kwa 2 bila baki. Kinachowachanganya watu ni maneno. Witiri ni Kiarabu: kitu cha pekee, kisicho na jozi. Ndilo neno lile lile la sala ya witiri, inayofunga sala za usiku kwa rakaa zisizo za jozi. Mwenzake ni shufwa, la Kiarabu pia, yaani chenye jozi. Tasa halimo katika ukoo huo kabisa. Mbuzi tasa si mbuzi aliyekosa mwenzake zizini. Ni mbuzi asiyezaa. Hebu vichukulie vigawo vya namba, ukiacha 1 na yenyewe, kuwa ndio watoto wake. 12 ina watoto 2, 3, 4 na 6. 13 haina hata mmoja. Witiri imekosa jozi, tasa imekosa watoto, na haya ni mambo mawili mbali mbali. 9 haina jozi, lakini inaye 3. 2 ni shufwa, tena ni tasa, na hakuna shufwa nyingine iliyo tasa. Aliyechagua neno hili kwa ajili ya hesabu alilichagua vizuri mno, ndiyo maana inaniuma likitumiwa ovyo.

Namba ya kwenye daladala ni 2 kwa kipeo cha 31, ukatoa 1. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba ni tasa, na hakutazama inaishia na nini. Kipeuo chake cha pili ni karibu 46,341, na vigawo viwili vinavyozidi hapo vikizidishwa vitaipita namba yenyewe, hivyo kazi ni kutafuta kigawo kisichozidi hapo. Euler alijua kwamba kigawo tasa cha namba hiyo, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Namba tasa za aina hiyo ni chache. Alizijaribu, hakuna iliyogawanya.

Mdogo wangu, namba yako ni tasa kweli. Lakini iongeze 2 upate 2,147,483,649. Inaishia na 9, ni witiri bila shaka. Sasa jumlisha tarakimu zake: unapata 48, ambayo inagawanyika kwa 3, basi na yenyewe inagawanyika. Ni 3 mara 715,827,883.