Je, wajua kwa nini mtafiti wa wanyamapori huweza kuhamia kwenye barafu ya kale?

Mtu aliyezoea kufuatilia dubu akianza shahada ya uzamivu kuhusu mito ya barafu iliyoyeyuka zamani, watu hudhani ameitupa fani yake. Mara nyingine ni dubu hao hao waliompeleka huko.

Vinasaba vya dubu wa kahawia wa Skandinavia vinaonyesha koo mbili, ya kusini na ya kaskazini, zinazokutana katikati ya Uswidi. Hapo hakuna bahari wala jangwa la kuzitenganisha. Ila miaka 20,000 hivi iliyopita kaskazini mwa Ulaya kulikuwa chini ya barafu nene, na dubu walisalia kwingine. Barafu ilipoyeyuka, kila ukoo ulirudi kwa njia yake. Basi ukitaka kumwelewa dubu, sharti ujue barafu iliondoka lini na ilianza kuondoka wapi.

Jibu limo kwenye mawe. Barafu hujongea ikikwangua miamba, na inapoishia huacha tuta la mawe na udongo liitwalo moreni. Jiwe likishabaki wazi, miale kutoka anga za mbali huligonga na kuzalisha atomi za beriliamu-10 ndani ya madini ya kwatsi. Ni chache mno: kwenye usawa wa bahari, takriban 4 kwa mwaka katika kila gramu. Maabara huponda jiwe, hulisafisha kwa asidi kali, kisha huhesabu atomi hizo ili kupata umri.

Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni kuchagua jiwe. Lililobingirika au kufukiwa na udongo kwa muda litaonekana changa kuliko lilivyo. Hapo jicho la porini lina faida kubwa. Hesabu na kemia mtu atajifunza.

Wala kutoka kwa wanyama hadi kwenye barafu si njia mpya. Mwaka 1815 huko Uswisi, Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa chamois, wanyama wa milimani wenye nasaba na mbuzi, alimwambia mwanajiolojia Jean de Charpentier kwamba barafu iliwahi kulijaza bonde lao lote. Charpentier hakuamini. Miaka mingi baadaye alishawishika, naye akamshawishi Louis Agassiz, bingwa wa visukuku vya samaki. Mwaka 1837, mjini Neuchâtel, wanasayansi wenzake walimtarajia Agassiz azungumzie samaki. Akazungumzia barafu, na wengi wakakasirika.