Usukani wa pikipiki si bolti nne tu

Wapo waendesha pikipiki wengi wanaoamini kwamba usukani wowote unaingia kwenye pikipiki yoyote: fungua bolti nne, toa wa zamani, weka mpya, kaza. Imani hiyo ina chanzo chake. Pikipiki nyingi ndogo, zikiwemo za bodaboda, zina usukani wa bomba lenye kipenyo cha milimita 22, kwa hiyo mara nyingi mpya hukaa sawasawa.

Lakini yapo mabomba ya milimita 25.4, na mengine yana 28.6 pale katikati panapobanwa. Kupima ni rahisi: zungushia uzi mara moja hapo katikati, kisha unyooshe kwenye rula. Ukisoma milimita 69 hivi, huo ni wa 22. 80 ni wa 25.4, 90 ni wa 28.6. Kujazia kipande cha bati ili bomba jembamba libane, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, ni kujitafutia usukani utakaozunguka mkononi siku ukigonga shimo.

Umbo nalo lina mambo yake. Usukani mrefu au mpana zaidi huvuta waya wa klachi, waya wa eksileta na mpira wa breki. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa wazi, gia ikiwa huru, washa injini, kisha kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa eksileta umevutika. Tafuta waya mrefu zaidi kabla ya kuingia barabarani. Angalia pia vidole visibanwe kwenye tangi.