Saraka ya jiji si kitabu cha simu

Saraka ya jiji ni kitabu kilichochapishwa kila mwaka, au kila baada ya miaka michache, kikiorodhesha wakazi wa mji pamoja na kazi zao na anwani zao. Nyuma yake mara nyingi kuna orodha ya biashara, makanisa, shule na vyama, na matangazo mengi. Ufafanuzi unaishia hapo.

Kinachonisumbua ni maelezo ambayo wanaotafuta historia ya ukoo wao huyaweka chini ya picha za kurasa zake: "Babu wa babu yetu katika kitabu cha simu cha 1865." Mwaka 1865 palikuwa na simu gani? Alexander Graham Bell alipata hataza yake ya simu, yaani haki ya uvumbuzi, 1876. Orodha ya kwanza ya wateja wa simu ilitoka New Haven, Marekani, Februari 1878, nayo ilikuwa karatasi moja yenye majina yapatayo 50 na haikuwa na namba hata moja, kwani mpigaji alimtajia opereta jina la amtakaye. Kufikia wakati huo saraka zilikuwa zimezeeka. London ilikuwa na orodha iliyochapwa ya wafanyabiashara wake tangu 1677. Philadelphia ilipata saraka mbili zilizoshindana mwaka mmoja, 1785, na New York ikafuata 1786.

Huenda ukaona nagombania jina tu. Lakini anayedhani ameshika kitabu cha simu huamini kwamba humo wamo wenye uwezo peke yao, basi hata hamtafuti bibi yake aliyekuwa dobi. Kitabu cha simu kinaonyesha nani alilipia laini. Saraka ilitengenezwa na watu waliopita mlango kwa mlango wakiuliza nani anaishi hapa na anafanya kazi gani, ndiyo maana fundi viatu, mpagazi na mjane mwenye kibanda cha mboga wamo. Si wote waliofurahia kuulizwa. John Macpherson, aliyetayarisha mojawapo ya zile mbili za Philadelphia, alipokataliwa jina alichapa jibu lenyewe, kwa hiyo kuna nyumba ambazo mkazi wake ameandikwa, kwa maana, "Sikwambii".

Wapo pia wanaovuka upande wa pili na kuiita sensa. Sensa ni kazi ya serikali na inalenga kumhesabu kila mtu, hata mtoto mchanga. Saraka ilikuwa biashara ya mchapishaji aliyeishi kwa kuuza nakala na nafasi za matangazo, na aliowaona hawana faida kwake aliwaruka. Mke alifichwa nyuma ya jina la mumewe hadi alipofiwa. Hapo ndipo anapojitokeza ghafla akiwa na alama "wid", yaani mjane, mara nyingi na jina la marehemu. Watoto hawamo. Katika miji mingi ya Marekani watu weusi waliachwa, au waliwekewa alama kando ya jina, au walitupwa kwenye orodha yao ya peke yake mwishoni mwa kitabu. Jina lisipoonekana, usimzike mtu wala usimhamishe mji.

Hata hivyo kuna mahali ambapo saraka huziba pengo la sensa. Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibiwa kwa sehemu kubwa na moto wa 1921 mjini Washington, na kati ya sensa ya 1880 na ya 1900 familia nyingi za mjini zinafuatika kupitia saraka, mwaka kwa mwaka. Hapo soma ukurasa wa vifupisho kwanza. "H" huonyesha nyumba ya mwenye kaya. "B" au "bds" ni anayepanga na kula hapo, na vijana wakubwa waliokaa kwa wazazi mara nyingi waliwekewa alama hiyohiyo. Watu watatu wa jina moja la ukoo kwenye anwani moja wanastahili kuchunguzwa.

Kupata saraka zenyewe si kazi ngumu siku hizi. Chuo Kikuu cha Leicester kimeweka mtandaoni nyingi za Uingereza na Wales, tovuti za FamilySearch na Internet Archive zina za nchi mbalimbali, na maktaba ya mji husika huwa na zile ambazo hazijapigwa picha. Usitegemee kisanduku cha kutafutia: kompyuta husoma vibaya herufi ndogo zilizofifia. Majina yamepangwa kialfabeti, kwa hiyo funua kurasa kwa mkono, kisha uangalie pia ile orodha ya majina yaliyochelewa, ambayo wachapishaji waliibandika mwanzoni au mwishoni. Namba za nyumba nazo zina hila. Chicago ilibadilisha namba zake 1909, na familia inayoonekana kuhama mwaka huo huenda haikutoka hata sebuleni.

Ombi langu ni dogo. Majina yalikusanywa miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, hivyo saraka ya 1888 inaweza kuwa inasimulia 1887. Kwenye shajara ya ukoo, badala ya "alihamia mtaa huu 1888", andika "anaonekana mtaa huu katika saraka ya 1888". Na pale palipoandikwa kitabu cha simu, futa neno simu.